Waliojikinga mvua nao niliwahesabu

Ndugu Mhariri,

Makala mliyochapa Jumamosi iliyopita imeuliza swali ambalo kila mlipakodi ana haki ya kuliuliza: fedha za umma zinazopelekwa kwenye maigizo, kwaya, michoro ya ukutani na sanamu za viwanjani zinaleta nini? Mwandishi wenu akashauri kila mradi uwasilishe takwimu, na usio na takwimu unyimwe ruzuku. Takwimu hizo nimeziandika kwa miaka 11 nikiwa mratibu wa kikundi cha maigizo. Kisha kwa miaka 9 nikaketi upande wa pili wa meza, nikizisoma za wenzangu kama mtathmini wa kulipwa. Naomba nafasi nieleze zinavyopikwa.

Nianze na dhambi yangu mwenyewe. Tulikuwa tunaonyesha igizo uwanjani, bure, chini ya turubai kubwa. Mkataba wa ruzuku ulidai watazamaji 200 kwa kila onyesho, nami nilisimama mlangoni na kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia watu. Dakika kumi kabla ya kuanza nilikuwa na 96. Mara mvua ikashuka, ile ya kushtukiza, na wapita njia wakakimbilia ndani: wenye mabegi, wenye baiskeli, kijana mmoja na mbwa wake. Nikabonyeza. Nilibonyeza hadi 214. Mvua ilipokatika, katikati ya onyesho la kwanza, wakatoka kama walivyoingia, na kidude changu hakikuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Ripoti ikasema tumevuka lengo. Msimu uliofuata tukaongezewa fedha na lengo likapandishwa hadi 300. Nikabaki kuomba mvua.

Donald Campbell, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeshughulika sana na namna ya kupima programu za serikali, aliandika miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kinavyotegemewa katika kutoa maamuzi, ndivyo kinavyozidi kuchezewa, na ndivyo kinavyozidi kuharibu kile kile kilichokusudiwa kupimwa. Sikuwa nimemsoma siku ile pale mlangoni, lakini uharibifu wenyewe niliuona kwa macho. Tulikuwa na desturi ya kwenda wodini kuwasimulia hadithi wagonjwa wa muda mrefu, watu wanane, tisa wakizidi. Baada ya lengo la 300 tuliacha kwenda. Hakuna aliyetukataza. Saa mbili za wagonjwa wanane zilikuwa zinatuharibia wastani, basi tukazihamishia uwanjani.

Sisemi watu wasihesabiwe. Ukumbi unaokaa mtupu mwaka mzima unasema jambo, na anayeuendesha kwa kodi za watu lazima alijibu. Ila idadi inakwambia waliofika. Haikwambii walifuata nini, wala waliondoka na nini.

Kisa cha pili ni cha dodoso. Taasisi moja ya umma iliyotufadhili ilituletea karatasi yenye nyuso tano, kuanzia ulionuna hadi unaocheka, na juu yake swali moja: «Umejisikiaje baada ya onyesho?» Igizo letu la mwaka huo lilihusu familia iliyofiwa na mtoto. Mama mmoja alibaki kitini watu wote walipokwisha kuondoka, leso mkononi. Tukaanza kukunja viti, tukauacha wa kwake. Mwishowe akanyanyuka, akaomba kalamu, akauzungushia duara uso ulionuna kuliko yote, kisha akanirudishia karatasi kwa mikono miwili. «Ahsante, mwanangu,» akasema. «Tangu tumzike sikuwahi kulia.»

Kwenye jedwali la mwisho mama huyu ni moja kati ya tano. Alitushushia alama. Nilitaka kuyaandika maneno yake chini ya jedwali, lakini fomu ilikuwa ya kujazwa kwenye kompyuta na kisanduku kilipokea tarakimu tu.

Nilipohamia upande wa pili nilidhani nitatenda haki. Nikapewa siku moja kwa kila mradi. Siku moja! Unafika, mwenyekiti anakupokea, unafunguliwa albamu ya picha, unakalishwa mstari wa mbele, na watoto waliofundishwa la kusema wanakwambia mradi umebadilisha maisha yao. Unajua wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nao wanajua kwamba unajua, na jioni unaandika: «Mradi umeleta mabadiliko chanya katika jamii.» Sentensi hiyo nimeikuta, neno kwa neno, katika ripoti za kwaya, za warsha za uchongaji na za tamasha la vikaragosi. Mradi wa barabara ukiandika hivyo, mkaguzi atauliza lami iko wapi.

Lami ya sanaa niliiona mara moja, tena kwa bahati. Basi lilichelewa, nikafika wakati kikundi kimekata tamaa ya kunisubiri na kurudi mazoezini. Nikaketi nyuma, gizani, bila kujitambulisha. Msichana alivuka jukwaa akiwa amebeba ndoo, na katika hadithi ndoo hiyo ilikuwa imejaa maji. Mwongozaji akasimamisha kila kitu. «Ndoo yako haina maji.» Msichana akacheka, akasema ni kweli, haina. «Na bega lako linajua kwamba haina. Rudi.» Akarudi mara sita. Mara ya saba bega likashuka, shingo ikakaza, mkono wa pili ukachomoka pembeni kutafuta mizani, na mimi, mtu mzima na karatasi zangu, nikajikuta nakunja miguu nisije nikamwagikiwa.

Huo ndio ninaouita ubora, na wala si siri ya wateule wachache. Yeyote aliyewahi kubeba ndoo angeutambua. Lakini sharti uwepo, uangalie, kisha uandike ulichokiona kwa maneno ya kawaida, ili mwenzako aliyekaa kiti cha pili aweze kusema hapana, mimi sikuona hivyo. Tukibishana juu ya bega la msichana tumeanza kutathmini. Tukibishana kama ni 3 au 4 kati ya 5, tunapoteza muda wa kila mtu.

Arts Council England, chombo kinachogawa fedha za umma kwa sanaa huko Uingereza, kilijaribu katika miaka ya 2010 kuuwekea ubora vipimo vya pamoja. Zikaandaliwa kauli fupi ambazo watazamaji, wasanii wengine na waandaaji wenyewe huziwekea alama: kwamba wazo lilivutia, kwamba kazi ilimkamata mtu asitoke, kwamba ilitengenezwa kwa umakini. Wasanii wengi walipiga kelele kwamba sanaa inageuzwa hesabu, nami moyoni nilikuwa upande wao. Ila kuna kipengele kimoja nimekiiba na sitakirudisha. Waandaaji hujaza alama zao kabla kazi haijaonyeshwa, kisha wakajaza tena baadaye. Ukishaandika mapema kwamba ulikusudia kuwachokoza watu, huwezi kuja kusherehekea kwamba wametoka wamestarehe.

Kwenye manufaa kwa jamii ndiko tunakosema uongo mkubwa zaidi, tena kwa nia njema. Mfano usionitoka kichwani ni El Sistema ya Venezuela, mtandao wa okestra za watoto ulioanzishwa na José Antonio Abreu mwaka 1975 na kugharimiwa na serikali moja baada ya nyingine. Ulisifiwa dunia nzima kwamba unawakomboa watoto wa maskini, na nchi nyingi zikauiga. Miaka mingi baadaye, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, ukafanyika utafiti wa kupimia kweli. Watoto 2,914 wa miaka 6 hadi 14 waligawanywa kwa kura, wengine wakaanza muziki mapema na wengine wakasubiri mwaka mmoja. Uwezo wa kujidhibiti uliongezeka kidogo. Matatizo ya tabia yalipungua kwa makundi machache, hasa wavulana waliokuwa wameonja ukatili. Katika mengine mengi yaliyopimwa, tofauti haikuonekana.

Kilichonishtua zaidi ni namba nyingine ndani ya utafiti huo huo. Kati ya watoto walioshiriki, waliotoka kwenye umaskini walikadiriwa kuwa asilimia 16.7, ilhali katika majimbo waliyoishi kiwango cha umaskini kilikuwa asilimia 46.5. Yaani mradi uliosifiwa kwa kuwafikia maskini ulikuwa umewapita. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa chini akapanga kudanganya. Walimu walifundisha, watoto walipiga violini, wazazi walilia kwa furaha, na kila mgeni aliyepita aliyaona hayo. Hakuna mgeni aliyeuliza ni nani hayupo chumbani. Mimi mwenyewe, katika miradi yote niliyotumwa kuitathmini, nilizungumza na waliokuwepo tu. Wasiokuwepo hawapangwi kwenye ratiba ya mgeni.

Wapo waliopima vizuri na wakapata. Huko Houston, Marekani, shule 42 zenye wanafunzi zaidi ya 10,000 zilipangiwa kwa kura: nyingine ziletewe wasanii na mafunzo ya sanaa, nyingine zingoje. Katika zilizoletewa, makosa ya nidhamu yalipungua kwa pointi 3.6 za asilimia na alama za uandishi zikapanda. Si kitu kikubwa, lakini ni kitu unachoweza kukisimamia mbele ya mhasibu bila kutokwa jasho. (Kusema kweli nimechoka kusikia muziki ukitetewa kwa kuwa unatuliza watoto darasani. Hata usingizi unawatuliza.) Nayo Ireland, ilipoanza mwaka 2022 kuwalipa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki, waliopata walichaguliwa kwa bahati nasibu, na likatengwa kundi la wasanii waliokosa ili walinganishwe nao. Tathmini ilizaliwa siku moja na mradi. Kwetu sisi tathmini hukumbukwa wiki mbili kabla ya mkataba kwisha, mhasibu anapouliza lile fungu la «ufuatiliaji» limetumikaje.

Halafu kuna muda, jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa. Ukumbi wa opera wa Sydney ulikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia. Ulipofunguliwa mwaka 1973, ukiwa umechelewa miaka 10, ulikuwa umekula milioni 102. Msanifu wake, Jørn Utzon, alijitoa mwaka 1966 na hakurudi kuuona ukiwa umekamilika. Mtathmini wa mwaka 1973 angeandika kwamba fedha zimesimamiwa vibaya, na angekuwa sahihi. Leo jengo hilo ndilo watu wanaloliona akilini wakisikia Australia, na tangu 2007 limo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hukumu zote mbili ni za kweli. Fomu ina kisanduku kimoja.

New York mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1981 serikali ya Marekani ilisimamisha katika uwanja wa Federal Plaza sanamu ya Richard Serra, ukuta wa chuma wenye urefu wa mita 36 uliopasua uwanja katikati. Wafanyakazi wa ofisi za pale walilalamika kwamba kila siku inawabidi kuuzunguka. Mwaka 1985 likaitishwa baraza la kusikiliza maoni: watu 122 wakataka ubaki, 58 wakataka uondolewe. Ukaondolewa mwaka 1989. Mtu akitazama namba hizo tu atasema watu wamedhulumiwa. Lakini wengi wa waliokuja kuutetea walikuwa watu wa sanaa, si wale wanaoupita wakienda kazini. Kwa hiyo hata kusikiliza maoni ni kama kuhesabu mlangoni, inategemea nani amepata nafasi ya kuja siku hiyo, na nani amekuja kwa sababu ya mvua.

Na kipimo kibaya kuliko vyote ninavyovijua ni kilo. Kati ya 1935 na 1943 serikali ya Marekani iliwaajiri maelfu ya wachoraji waliokuwa hawana kazi, miongoni mwao Jackson Pollock na Mark Rothko kabla hawajajulikana. Programu ilipofungwa, maghala yalisafishwa na michoro mingi ikauzwa kwa uzito, kama vitambaa chakavu. Inasimuliwa kwamba baadhi ilinunuliwa ili ifungiwe mabomba yasipoteze joto. Aliyeidhinisha mauzo hayo hakuwa mhalifu. Alikuwa na ghala la kusafisha na mizani ya kupimia.

Mwaka jana, bila kutumwa na mtu, nilikwenda kuuona mchoro wa ukutani niliokuwa nimeutathmini miaka saba nyuma. Niliupa alama ndogo wakati ule. Niliandika «ushirikishwaji hafifu», kwa kuwa siku niliyokwenda walikuwepo mchoraji na msaidizi wake tu. Sehemu kubwa ya rangi imebanduka, na upande mmoja umefunikwa na matangazo. Ila kwenye pembe ya chini, usawa wa kifua cha mtu mzima kushuka chini, kuna ndege ambaye mabawa yake bado yanang'aa. Nilisogea. Bluu ile si ya mchoraji. Ni nyepesi zaidi, na kingo zake zinatetemeka kidogo, kama mkono usio na uzoefu umejitahidi kufuata mstari wa zamani. Nikauliza watu wa karibu. Wakasema hawamjui, yupo tu mtu anayepaka. Kwenye ufa wa ukuta kulikuwa na kopo dogo la rangi limefungwa kwa kitambaa, na brashi imelazwa juu yake.

Siku hiyo hiyo nilipita kwenye mradi mwingine, ambao niliupa alama zote. Mlango ulikuwa na kufuli. Nikachungulia dirishani, nikaziona ngoma na tarumbeta zilizonunuliwa kwa ruzuku ile. Zilikuwa bado zimo ndani ya nailoni zilizokuja nazo.

Kwa hiyo, Mhariri, mimi sipingi tathmini. Napinga hii tunayoifanya. Fungu la tathmini lisitumike lote mradi ukiwa hai. Sehemu yake ifungiwe hadi miaka mitatu au mitano baadaye, mtu arudi akaangalie kama mlango una kufuli. Mtathmini aende siku ambayo hakualikwa, tena wakati wa mazoezi, na awatafute wasiokuja. Wodi ya wagonjwa wanane isipimwe kwa kidude cha mlangoni. Na mwenye mradi aruhusiwe kuandika kwamba ameshindwa bila kupoteza ruzuku inayofuata, maana kwa sasa anayeandika ripoti ndiye huyo huyo anayeomba fedha, kwa kalamu ile ile, mara nyingi usiku ule ule.

Hilo la mwisho niliwahi kulijaribu. Mwaka wangu wa mwisho kikundini tuliendesha warsha za vijana ambazo hazikwenda. Walianza 22, wakamaliza watano, na wawili kati ya hao watano ni wanangu. Tulikuwa tumechagua hadithi iliyotupendeza sisi wakubwa, tukaweka muda wa mazoezi unaogongana na wa vibarua vyao, na kijana mmoja alipotuambia hivyo wiki ya pili tulimjibu kwamba ratiba imeshapitishwa. Nikayaandika yote katika aya ya nne ya ripoti. Baada ya siku tatu nikapigiwa simu na ofisa wa upande wa wafadhili, mtu mwema, mwenye sauti ya upole. «Dada, ripoti yako ni nzuri sana,» akasema. «Ila tunaomba uiondoe aya ya nne. Wakubwa wakiisoma watatuuliza maswali.»

Nikaiondoa, na ruzuku ikatoka. Aya yenyewe bado ninayo, ina maneno 118. Mkiwa na nafasi kwenye ukurasa wa sanaa, nitawatumia.

Wako,
Mtathmini mstaafu